Mzee Kulia

Nilipomwambia baba kuwa huku Ujerumani nasomea namna magari yanavyoweza kuongea yenyewe kwa redio, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza: "Kwani sasa hivi ni mabubu?"

Baba aliendesha semi-trela kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Sasa amestaafu, yuko Makambako na mbuzi wake na mahindi yake, ila lori likipita usiku atakwambia kama limebeba au linarudi tupu, bila hata kuinuka kitandani. Hakuwa ananikejeli. Kwake gari kuongea na gari ni jambo la kila siku, na mimi mwenyewe nililisikia kwanza kwake, likizo ya darasa la nne, nimebanwa katikati yake na utingo, miguu haifiki chini.

Tulikuwa tumeshapita Mikumi, tunaelekea Ruaha Mbuyuni, pale barabara inapokwenda kati ya mibuyu. Nyuma kulikuwa na basi. Mimi silioni, ila namwona baba akiangalia kioo cha pembeni kila mara kama mtu anayefukuza nzi. Basi linachungulia, linarudi. Linachungulia tena. Baba akasogeza kidole kimoja tu, akawasha indiketa ya kulia, tiki, tiki, tiki, na barabara ilikuwa haikati popote. Basi likarudi nyuma likatulia. Punde tanki la mafuta likatupita kutoka mbele kwa upepo uliotikisa kabini, na baba akazima indiketa.

Kwa asiyeijua lugha hiyo: ukiwa nyuma ya lori na usione mbele, dereva wa lori akikuwashia kulia anakwambia usipite, kuna kitu. Akikuwashia kushoto, anakwambia njia nyeupe, pita. Basi lile likawa linasubiri kushoto. Likapiga honi. Barabara mbele ilikuwa tupu hadi macho yanapoishia, lakini baba hakuwasha kitu. Mwishowe dereva wa basi akachungulia mwenyewe, akapita, na konda akatutolea ngumi dirishani.

"Baba, mbona hukumwambia apite?"

"Kulia nitamwambia. Kushoto aone mwenyewe."

Utingo akacheka, akasema ndiyo maana barabarani wanamwita Mzee Kulia. Madereva wengine hutoa kushoto, wanashukuriwa kwa honi mbili fupi na maisha yanaendelea. Baba alikuwa mchoyo wa kushoto. Nilipomkera kwa maswali alinieleza mara moja tu: "Nikimzuia nikakosea, amechelewa dakika mbili. Nikimruhusu nikakosea..." Hakumalizia, akanipa muwa.

Huku chuoni, redio tunazofungia magari ni ndugu wa Wi-Fi ya nyumbani. Kiwango chake kinaitwa 802.11p, kilipitishwa 2010, na kinatumia masafa ya gigahezi 5.9. Tofauti kubwa na Wi-Fi yako ni kwamba hakuna kujiunga: hakuna nywila, hakuna kukaribishwa mtandaoni. Magari mawili yanayokutana uso kwa uso kwa kasi ya 80 kila moja hayana muda wa kuamkiana. Kila gari linapaza sauti, aliye karibu anasikia, na hakuna anayejibu kwamba amesikia. Hilo la mwisho lilinisumbua kweli muhula wa kwanza. Unatuma, na hujui kama ujumbe umefika kwa watu au umeishia hewani.

Kinachotumwa ni kifupi. Kwa Ulaya kinaitwa CAM, na ndani yake gari linasema: nipo hapa, naelekea huku, kasi yangu hii, urefu wangu huu, upana wangu huu. Hata indiketa imo. Kuna sehemu ya taa za nje, na taa za kukata kona ni sehemu yake. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani. Kwa wanaotengeneza viwango, indiketa ya kulia maana yake gari linataka kwenda kulia, basi. Baba akimzuia mtu kwa huruma, redio ya lori lake itawatangazia wote kwamba semi-trela linakata kulia, pale kwenye mibuyu pasipo na njia.

Marekani ujumbe wa namna hii umepangwa kutoka mara 10 kwa sekunde. Ulaya wana utaratibu mwingine, na naomba uukumbuke kwa sababu nitaurudia mwishoni: gari hutuma pale tu linapokuwa limesogea zaidi ya mita 4 tangu liliposema mara ya mwisho, au limegeuka zaidi ya nyuzi 4, au kasi imebadilika kwa zaidi ya nusu mita kwa sekunde. Hata likisimama kimya kabisa linatuma mara moja kila sekunde, na likichangamka halizidi mara 10. Sababu yake ni adabu ya sokoni. Hewa ni moja, na kila mtu akipiga kelele muda wote hakuna atakayesikika.

Siku ya jaribio letu la kwanza barabarani nilikuwa nimejipaka mafuta ya uhodari. Uwanja wa ndege wa zamani, magari mawili, lori moja la kukodi lenye bodi la chuma, na baridi ya Novemba ambayo sitaizungumzia. Kazi yangu ilikuwa antena. Ni kijiti kidogo chenye sumaku chini, unakibandika juu ya paa, waya unaingia kwa mlangoni. Nikakibandika kwenye gari la kwanza, sawa. Gari la pili nikaweka, kikateleza hadi kwenye kioo cha mbele. Nikaweka tena, kikateleza tena. Profesa akasimama pembeni na kikombe chake cha kahawa, hasemi kitu. Gari lile lilikuwa na paa la kioo. Sumaku na kioo wapi na wapi! Na si kubandika tu: antena ya namna ile inahitaji bati chini yake ili isambaze mawimbi inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyelichagua gari hilo, kwa sababu lilikuwa na hita ya viti. Tukaishia kufunga antena kwenye kipande cha bati tulichobandika kwa seloteipu, na picha yake bado imetundikwa jikoni kwetu ofisini.

Tulipoanza, magari mawili yakifuatana bila kitu katikati, jumbe zikaingia kama mvua. Kwenye skrini ya laptopu kila ujumbe ni mstari, na mistari ilikuwa inapanda bila kukatika. Kisha lori likaingia katikati. Mistari ikaanza kutoboka. Ujumbe, ujumbe, pengo. Ujumbe, pengo, pengo. Kwenye gigahezi 5.9 urefu wa wimbi ni kama sentimita 5, halipindi kona kirahisi, na bodi la chuma kwake ni ukuta. Mwenzangu aliyekuwa anaendesha akauliza mbona nimenyamaza. Nilikuwa naangalia bodi la lori mbele yetu, limejaa kioo kizima, na nilikuwa nimerudi Ruaha Mbuyuni, ila safari hii nimekaa ndani ya basi.

Kwa sababu hesabu ya kulipita lori ndiyo hii. Lori linakwenda 60, wewe 80. Unalizidi kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5 na nusu kila sekunde. Unaanza ukiwa mita 20 nyuma yake, lenyewe lina mita 17, gari lako 5, na ukiingia mbele yake uache 20 nyingine. Jumla mita 62, sekunde 11 uko upande usio wako. Sasa anayekuja mbele naye yuko 80. Mnakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Kwa sekunde 11 mmekula karibu nusu kilomita. Umbali ambao watu wengi huutaja kwa redio hizi ni mita 300 hivi, na hiyo ni mkiwa mnaonana. Ukiwa umejificha nyuma ya semi-trela, hizo 300 ni za kuota.

Kwa hiyo pale ambapo jicho limeshindwa, redio nayo inadhoofika, kwa sababu kizuizi ni kilekile. Vipeperushi huwa vinachora magari yenye duara za buluu zinazopenya kila kitu. Mimi nina faili zilizojaa mapengo.

Ila lori lililokuziba ndilo hilohilo lililo refu kuliko wote. Watafiti wa chuo cha Carnegie Mellon, Marekani, na Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, walipopima jinsi magari yenyewe yanavyozibana mawimbi, hawakuishia kulalamika. Walipendekeza magari marefu ndiyo yapokee ujumbe na kuupitisha kwa walio nyuma, kwani antena iliyo juu inaona mbali. Porto hawakuishia hapo. Kuna kazi yao nyingine ya takriban 2012 ambayo kamera inafungwa mbele ya gari kubwa, picha inarushwa kwa redio hadi gari la nyuma, na dereva wa nyuma anaona barabara kama vile lori limegeuka kioo. Nilimtumia baba maelezo yake kwa WhatsApp ya sauti, dakika 3 nzima. Alijibu kwa sekunde 4: "Hiyo nzuri. Anaona mwenyewe."

Nilikaa na hilo jibu siku kadhaa. Kwa mkanda wa picha, lori halikupi ruhusa. Linakuazima macho, uamuzi unabaki kwako. (Na ikichelewa? Picha ikichelewa moja ya tano ya sekunde, gari linalokuja kwa kasi ya 80 limeshasogea mita 4 na ushee kuliko unavyoliona. Si nyingi. Ikichelewa sekunde nzima ni mita 22, na hapo bora usingeonyeshwa.)

Kisha nikaanza kuona kitu ambacho nilikuwa nakipita kila siku kwenye maandishi. Kati ya matumizi ambayo Wamarekani waliyatengeneza na kuyajaribu kwa mawasiliano ya gari kwa gari kuna onyo la breki ya ghafla mbele, onyo la njia panda, onyo la kugongana kwa nyuma. Na kuna la kupita gari: linaitwa onyo la usipite. Usipite. Nimetafuta mwenzake, yaani ujumbe wa kumwambia dereva pita, njia nyeupe, na sikumkuta. Wahandisi wale wote, na baba, wamefika mahali pamoja wakitokea pande tofauti.

Sababu ya kihandisi ni ya kawaida sana. Redio ikisikia gari mbele, ina jambo la kusema. Redio isiposikia kitu, huenda hakuna gari; huenda lipo ila lori limeziba; huenda lipo na jumbe zake zimegongana hewani na za mwingine; au, na hili ndilo la kwetu, lipo na halina redio kabisa. Trekta halina. Bodaboda haina. Ng'ombe wa Ruaha hawana. Ukimya wa redio hauna maana moja, na mtu akiugeuza kuwa taa ya kijani ameua.

Jirani yangu wa ofisini anafanyia kazi upande wa saini. Kila ujumbe unasainiwa kidijitali ili mhuni asikae kando ya barabara na laptopu akijifanya malori kumi. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kufuatwa mjini kwa ujumbe wa gari lake, vyeti vya kusainia havina jina la mtu. Ni lakabu, na hubadilishwa mara kwa mara. Tulibishana naye jioni moja. Nilimwambia sisi barabarani tuna lakabu pia, ila za kwetu hazibadiliki, ndiyo kazi yake. Mzee Kulia alikuwa Mzee Kulia kutoka Chalinze hadi mpakani, na mwenye basi aliyemzoea alijua indiketa yake ina uzito gani. Cheti kinathibitisha kwamba anayesema ni gari halali. Hakisemi kama GPS yake imekosea mita 10, wala kama dereva wake ni mwongo. Mwenzangu alisema hilo lina wataalamu wake, wako ghorofa ya tatu.

Mtaniuliza basi magari hayo yako wapi. Yapo, kidogo. Ann Arbor, Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kiliweka barabarani magari ya watu wa kawaida yapatayo 2,800 kuanzia Agosti 2012, na 2015 kikafungua Mcity, mji wa bandia wenye nyuso za majengo bila majengo, kwa ajili ya majaribio tu. Volkswagen waliweka redio hizi kwenye gari lao la Golf toleo la nane, 2019. Lakini Marekani ilikuwa imetenga masafa haya tangu 1999, ikakaa nayo miaka ishirini na zaidi bila kujaza barabara, na 2020 FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, ikayamega: megahezi 45 kati ya 75 zikaenda kwa Wi-Fi, na 30 zilizobaki zikaelekezwa kwa teknolojia nyingine yenye asili ya simu. Watu wamezeekea kwenye ugomvi wa teknolojia hizo mbili. Redio ya namna moja haielewi ya namna nyingine, na unajua ilivyo lori likiwasha kulia mbele ya mtu asiyeijua lugha.

Kuna jumbe za aina nyingine ambazo mimi nazipenda zaidi, ingawa si mada yangu. CAM inasema nipo wapi. Nyingine, DENM, inasema hapa pana hatari, na inashikamana na mahali hapo kwa muda uliopangwa hata kwa magari yatakayokuja baadaye. Ni majani ya barabarani. Lori likiharibika, utingo anakata matawi, anayapanga kwa hatua kadhaa kuja nyuma, na kila anayekuja anajua kuna mtu amelala mbele. Lakini mara ngapi lori limetengenezwa, limeondoka, na majani na mawe yamebaki? Mawe hasa. DENM ina muda wa kuisha, na aliyeituma anaweza kuifuta. Nilipomweleza baba hilo ndipo kwa mara ya kwanza alisema kazi yangu ina maana. Utingo wake aliwahi kukatwa mshahara kwa kuacha mawe.

Desemba nilikwenda nyumbani, nikabeba laptopu. Simulesheni zetu, yaani majaribio ya barabara ndani ya kompyuta, tunazifanya kwa Veins, ambayo inaunganisha programu mbili: SUMO inaendesha magari, OMNeT++ inarusha jumbe. Kila anayeanza hukutana na Erlangen ya Ujerumani, maana mfano unaokuja nayo ni mitaa ya mji huo; gari moja linapata ajali, linawaambia wenzake, wanazunguka njia nyingine. Baada ya kuiangalia Erlangen kwa mwaka mzima nilichukua ramani ya OpenStreetMap nikaingiza Kitonga, mlima wa kona kwenye barabara ileile ya baba. Mara ya kwanza nilisahau kuiambia kwamba sisi tunaendesha kushoto, malori yote yakapanda mlima upande wa kulia kwa nidhamu kabisa.

Nikaketi na baba uani, mbuzi wanatuzunguka. Shikamoo, marahaba, chai, kisha nikafungua. Kwenye SUMO magari ni pembetatu ndogo za njano. Zikaanza kupanda kona za Kitonga, laini, zikifuatana kwa umbali wa heshima. Nikamweleza kuna kigezo kinaitwa sigma, ni kiasi cha ubovu wa dereva, na kimewekwa 0.5.

"Nusu mbovu," akasema. "Sawa, hiyo kweli."

Akaangalia tena, akiwa amesogeza miwani. "Na huyu ni lori?"

"Ndiyo baba."

"Limebeba?"

"Limebeba."

"Mama, hakuna lori lililobeba linalopanda Kitonga hivyo. Umeweka ngapi?"

Nilikuwa nimeacha 60, ileile ya hesabu yangu.

"Shusha. Weka kumi na tano. Pale kwenye kona kali weka kumi."

Nikafungua faili, nikabadilisha, nikaanzisha upya. Pembetatu la lori likaanza kujikokota. Nyuma yake likaja la pili, la tatu, la nane, mkia ukashuka hadi kona ya chini, na baba akacheka hadi akapaliwa. "Enhee! Sasa hiyo ndiyo Kitonga."

Mimi nilikuwa naangalia dirisha la pili, la jumbe. Kwa kasi ya 60 au 80, mita 4 zinapita haraka, gari linasema mara 4 au 5 kwa sekunde, na ukipoteza ujumbe mmoja mwingine unakuja. Kwa kilomita 15 kwa saa, mita 4 ni sekunde nzima. Lori lile, refu kuliko wote, lenye kuziba wote, ambalo kila mtu nyuma yake anataka kulijua, sehemu zilizonyooka lilikuwa linasema mara moja kwa sekunde. Ukikosa ujumbe mmoja, umekaa sekunde mbili gizani. Na jedwali langu lote la sura ya nne ya tasnifu nimelijenga juu ya 60.

"Huyu wa pili anataka kutoka," baba akasema, kidole kikiwa juu ya skrini. "Muwashie kulia."

Nikamwambia pembetatu haina indiketa ya kumzuia mtu. Akaniangalia kama nimemwambia nimeacha mawe barabarani.